Takamwili: kipimo cha mkojo hupima nini hasa?

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa viungo vya mfumo wa utoaji takamwili, hujibu haraka: figo, ngozi, mapafu. Akiongeza utumbo mpana, mwalimu makini humsimamisha. Takamwili ni taka zinazotengenezwa na mwili wenyewe, ndani ya seli zake, wakati wa kuvunja chakula kilichokwisha kuingia kwenye damu. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni mabaki yaliyopita utumboni bila kuingia mwilini, kwa hiyo hakimo. Urea, kreatinini, asidi ya yuriki na hewa ya kabonidayoksaidi zimo.

Sasa mkazi wa Nakwa, katika mji wa Babati mkoani Manyara, ameambiwa akapime mkojo. Anapewa kikopo, anakirudisha maabara, na mtaalamu anachovya dipstiki: kijiplastiki chembamba chenye vikaratasi kumi. Baada ya dakika moja au mbili rangi zake zinalinganishwa na zilizochapwa kwenye kopo la dipstiki. Ni kipimo cha bei nafuu kuliko vingi. Lakini pitia vikaratasi hivyo uone: sukari, protini, damu, ketoni, nitriti, chembe nyeupe, kiwango cha asidi, uzito wa mkojo, bilirubini, urobilinojeni. Takamwili ziko wapi? Sukari na protini ni mali ya mwili iliyovuja, na protini ndiyo inayomtia wasiwasi mkunga kliniki, maana huenda ikawa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Nitriti ni kazi ya bakteria. Ketoni ni nishati. Zilizo taka ni bilirubini na urobilinojeni tu, masalia ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Dipstiki inatafuta uvujaji na uvamizi, taka zenyewe haizigusi sana.

Takamwili kuu ya mkojo ni urea. Ini huitengeneza kutokana na amonia inayobaki protini zinapovunjwa, na mtu mzima hutoa kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mkulima wa Babati anaijua kwa sura nyingine: ni ileile punje nyeupe ya mfuko wa mbolea, yenye naitrojeni asilimia 46. Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828, na tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba vitu vya mwili lazima vitoke mwilini.

Kuipima urea kwa gharama ndogo kunawezekana, na kwa bahati kiungo muhimu kinalimwa hapohapo. Mbegu za mbaazi, zao ambalo Babati inajulikana nalo, zina kimeng'enya kiitwacho yurezi, kama ilivyo kwa soya. Yurezi huikata urea ikawa amonia na kabonidayoksaidi. Mwalimu wa kemia anaweza kusaga mbaazi kavu zisizopikwa, akaloweka unga kwenye maji ya uvuguvugu na kuchuja. Maji hayo anayatia kwenye mkojo uliozimuliwa, pamoja na matone ya maji ya choya. Choya ni nyekundu kwenye asidi. Amonia ikiongezeka, wekundu unafifia na kuelekea kijani. Kikombe cha pili kitiwe maji ya mbaazi zilizochemshwa. Hicho hakitabadilika hivyo, kwa sababu moto umeua kimeng'enya. Kisha apime mbolea ya urea kwenye mizani, aiyeyushe kwa viwango tofauti na kuvijaribu vivyo hivyo, apate ngazi ya kulinganishia. Atapata kadirio tu, ambalo halimtibu mtu, ila darasa litakuwa limepima takamwili halisi. Kazi hiyohiyo ya yurezi hufanywa na bakteria kwenye mkojo uliolala, ndiyo maana choo cha shimo kinanuka amonia ilhali mkojo mpya haunuki hivyo.

Tatizo ni kwamba namba ya urea peke yake inadanganya. Aliyekula nyama na maharage atatoa nyingi. Aliyeshinda shambani bila maji atakuwa na mkojo mzito. Aliyekunywa ndoo nzima, mwepesi. Hapo kreatinini inakuja kuokoa. Inatoka kwenye misuli, na kwa mtu mmoja hutoka kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku, kama gramu moja hadi mbili. Kwa hiyo maabara mara nyingi hugawa kinachopimwa kwa kreatinini iliyomo kwenye kikopo kilekile, na uzito wa mkojo unajirekebisha wenyewe. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika somo zima: taka moja imefanywa kuwa pishi la kupimia nyingine.

Njia ya kuipima kreatinini aliieleza Max Jaffe mwaka 1886: asidi ya pikriki na magadi makali, na rangi ya chungwa inatokea. Maabara nyingi zinaitumia hadi leo kwa kuwa ni rahisi. Shuleni nisingeipeleka. Asidi ya pikriki ikikauka hulipuka, na iliwahi kujazwa kwenye makombora.

Kuna mkojo mwingine wa Manyara uliokwenda mbali. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa afya ya watoto uitwao MAL-ED, uliofanyika katika nchi 8. Watoto wadogo walinyweshwa maji yenye sukari mbili, laktulosi na manitoli, mkojo wao ukakusanywa kwa saa 5. Manitoli ni ndogo, hupenya ukuta wa utumbo kirahisi. Laktulosi ni kubwa, na ikionekana nyingi kwenye mkojo maana yake ukuta umeharibika. Zote mbili hutolewa na figo kama urea inavyotolewa, lakini hakuna seli ya mtoto iliyozitengeneza. Kwenye fomu ya maabara ningeziandika sukari za kipimo, nisiziweke safu ya takamwili.