Kizimbani: Shamba la karafuu linalostahili kuwa bustani ya kumbukumbu ya utumwa

Na Mwandishi Wetu

WATALII wanaofika Unguja kwa siku chache huwa na ratiba inayofanana. Asubuhi hupelekwa Mkunazini kuliona kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, na mchana hupakiwa garini kuelekea mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Mkunazini husikiliza kwa huzuni. Mashambani hunusa mdalasini, huvishwa kofia za makuti na kunywa chai ya mchaichai. Mara nyingi hawaambiwi kwamba safari hizo mbili ni habari moja, kwani idadi kubwa ya watu waliouzwa sokoni hawakuvushwa kwenda Uarabuni. Waliletwa huku huku, mwendo wa saa chache kwa miguu, kupanda, kupalilia na kuchuma karafuu.

Kizimbani iko kilomita zipatazo 15 kaskazini mashariki mwa mji wa Zanzibar. Pamoja na Mtoni, inatajwa katika vitabu vya historia kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo mkarafuu ulipandwa visiwani. Anayehusishwa na kazi hiyo ni Saleh bin Haramil, mfanyabiashara wa Kiomani, aliyeleta miche kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa katika miaka ya 1810. Baadaye mashamba hayo yaliingia mikononi mwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliyefika Unguja mwaka 1828 na hatimaye kuhamishia makao yake kisiwani. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Iwe ni amri kweli au ni hadithi iliyonogeshwa, matokeo yake hayana ubishi: katika muda wa kizazi kimoja tu Unguja na Pemba zikawa ndizo zinazolisha soko la karafuu duniani.

Mkarafuu ni mti wa subira. Huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na ukishazaa hautoi nafasi ya kupumzika. Vikonyo huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka; ukichelewa siku chache thamani yake imepotea. Mchumaji hupanda mti mrefu, akavuta matawi kwa kamba, na jioni mavuno huchambuliwa makonyo yake na kuanikwa juani juu ya majamvi. Kazi hiyo haina mashine hata leo. Kwa hiyo aliyekuwa na mikarafuu elfu kumi alihitaji mikono mingi kwa wakati mmoja, na katika karne ya 19 mikono hiyo ilinunuliwa.

Kufikia miaka ya 1860 wanahistoria wanakadiria kuwa watu wapatao 20,000 walikuwa wakiteremshwa Zanzibar kila mwaka, wengi wao wakitokea upande wa Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Ni Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo ambao majina ya makabila yao yangalipo katika koo na ngoma za visiwani. Aliyefika karibuni aliitwa mjinga, yaani asiyejua lugha wala desturi za pwani. Aliyezaliwa shambani aliitwa mzalia. Shamba lenyewe lilikuwa na ngazi zake za madaraka: msimamizi juu, kisha nokoa, kisha kadamu, hawa wawili wa mwisho kwa kawaida wakiwa watumwa waliopewa mamlaka juu ya wenzao. Kwa desturi Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za mtumwa kulima kipande chake cha muhogo, maana bwana hakujifunga kumlisha. Msimu wa kuchuma ulipofika, hata siku hizo mbili zilimezwa na karafuu.

Tunajua pia jinsi shamba lilivyoonekana kutoka barazani. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, aliishi kwa muda Kizimbani na Bububu baada ya jaribio la mapinduzi la ndugu yake Barghash kushindwa mwaka 1859. Kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 zinaeleza kwa upendo uzuri wa mashamba, na wakati huo huo zinautetea utumwa. Kitabu cha aina hiyo kutoka kwa mtu aliyepalilia Kizimbani hakipo. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kulitunza eneo: ardhi ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki upande wa pili.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipita Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa mzalishaji mkuu. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kusafirishwa kwao baharini. Lakini Pemba ilikuwa ikihitaji watu, kwa hiyo majahazi yakaendelea kuvuka usiku.

Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa Aprili 1897 na Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza. Hapa msomaji asidanganyike na neno “kufuta”. Mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Alitakiwa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana wake akalipwa fidia, yeye hakulipwa. Masuria hawakuguswa na amri hiyo hadi mwaka 1909. Waingereza waliitunga kwa tahadhari hivyo kwa sababu mapato ya Serikali yalitegemea ushuru wa karafuu, na hakuna ofisa aliyetaka kuona msimu mzima ukiozea mitini. Wengi wa waliokombolewa walibaki pale pale walipokuwa, wakiruhusiwa kujenga kibanda na kulima chakula kati ya mikarafuu kwa masharti ya kupalilia. Wengine walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Suala la nani ana haki ya kukaa chini ya mkarafuu wa nani liliendelea kuchemka hadi miaka ya 1950, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu.

Pengine ndiyo sababu habari hii husemwa kwa sauti ya chini. Kila anapotajwa mwenye shamba na mtumwa wake, kuna anayehisi kuwa ukoo wake unashitakiwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini historia yenyewe ni pana kuliko ugomvi wa makabila mawili. Fedha za mashamba zilikopwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, karafuu zilinunuliwa Ulaya, Marekani na Asia, na wafanyabiashara waliotoka bara wakiwa matajiri, kama Tippu Tip aliyefariki mwaka 1905, waliwekeza mali yao katika mashamba hayo hayo.

Msomaji wa Dutwa au Bariadi naye anaweza kuuliza yanamhusu nini mambo ya visiwani. Yanamhusu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na misafara iliyogharimiwa Zanzibar ilifika hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Bagamoyo, Kwihara na Ujiji zimo katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006 kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Orodha hiyo inafuata njia ya msafara. Mashamba, ambako safari ya wengi iliishia, hayamo.

Kwingineko duniani mashamba na maficho ya watumwa yameanza kupewa nafasi yake. Mauritius ilifanikiwa kuuingiza mlima wa Le Morne, walikokimbilia watumwa watoro, katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, shamba la miwa la Whitney lilifunguliwa mwaka 2014 kama makumbusho yanayoanza na waliofanya kazi badala ya jumba la mwenye shamba, na majina ya watumwa yameandikwa kwenye kuta za kumbukumbu. Majina hayo yalipatikana katika makaratasi ya umma. Zanzibar nayo ina Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zenye majalada ya karne ya 19 na kumbukumbu za watu waliokombolewa.

Kizimbani ina faida moja ambayo mashamba mengine hayana: kwa muda mrefu imekuwa eneo la Serikali, la utafiti na mafunzo ya kilimo, kwa hiyo halijakatwa lote viwanja kama ilivyotokea sehemu nyingi jinsi mji unavyopanuka. Ndani yake yamo mabaki ya mabafu ya Kiajemi ya enzi za Seyyid Said, ndugu wa yale maarufu ya Kidichi yaliyojengwa mwaka 1850. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bustani ya umma hapo haihitaji majumba mapya. Inahitaji njia ya miguu, kivuli, mabango ya Kiswahili kwanza na lugha za kigeni baadaye, na waongozaji waliofunzwa.

Mafunzo hayo si jambo dogo. Pale Mkunazini wageni wengi wameoneshwa vyumba vya chini vya jengo la St. Monica kama gereza la watumwa, ilhali wanahistoria wameeleza kuwa jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Maonesho yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika eneo hilo yamesaidia kuweka mambo sawa kwa maandishi na picha. Kizimbani haina sababu ya kubuni minyororo. Mikarafuu, majamvi na hesabu ya siku mbili kwa wiki za kulima muhogo vinatosha kueleza kilichofanyika hapo, na wanafunzi wa shule za mjini wanaweza kuvifikia kwa daladala na kurudi kabla ya adhuhuri.