Butembo na Beni, miji iliyowahi kabla ya serikali

Mwaka 2003, vita vikiwa bado havijatulia, Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilipewa hadhi ya mji kamili, kila mmoja na meya wake na komini nne. Kimemi, Mususa, Bulengera na Vulamba zikawa Butembo. Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori zikawa Beni. Watu walikuwa wameshajenga miaka mingi kabla ya mipaka hiyo kuchorwa.

Butembo iko juu ya vilima vya Wanande, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa Wabelgiji palikuwa kituo cha kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs. Kilichopakuza hasa ni biashara: maharagwe na mboga za Lubero, kahawa, dhahabu, kisha bidhaa za kila aina kupitia mpaka wa Kasindi na Uganda. Dola ya Mobutu ilipozidi kudhoofika, wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wakienda wenyewe kutafuta mali Dubai, na baadaye hadi Guangzhou.

Faida ilirudi nyumbani ikawa maghorofa. Ndiyo yaliyojipanga mstari kando ya barabara ya Président de la République, maduka chini, bohari nyuma, huku mitaa ya jirani ikikaa na vumbi kiangazi na tope masika. Umeme ulikuwa wa jenereta kwa miongo mingi, hata wafanyabiashara wakaunda kampuni ya SENOKI wakitaka kujiletea wao wenyewe. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliwahimiza matajiri na waumini kutengeneza barabara. Mwaka 1989 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Huo ni ujasiri wa kweli, na wanaostahili sifa wapewe.

Lakini tajiri hujenga ghorofa lake, hajengi mfereji wa mtaa mzima. Nje ya katikati, parseli, yaani viwanja, zimekatwa kilima baada ya kilima, kwa makubaliano na wenye ardhi wa jadi, na nyumba za matofali na mabati zimepanda mahali palipokuwa na mashamba na mikaratusi. Mvua kubwa ikija, maji hutafuta njia yake kati ya nyumba na kuchimba makorongo. Wakazi wa juu hushuka mabondeni kuchota maji.

Beni, kilomita hamsini na kidogo kaskazini, imeshuka kwenye joto karibu na msitu. Kwa muda mrefu ilipokea watu wa nyanda za juu waliokosa ardhi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya kundi la waasi la ADF yamewaondoa wakulima Eringeti, Mbau na viungani mwa Oicha, na wengi wamekimbilia mjini, baadhi yao hadi Butembo. Agosti 2016 wauaji walifika Rwangoma, ndani ya mji wenyewe wa Beni. Familia iliyoacha shamba la kakao hupanga chumba kimoja, na chakula kilichokuwa kikivunwa sasa kinanunuliwa sokoni.

Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ilizunguka katika miji hii hii iliyosongamana. Katwa, ukingoni mwa Butembo, ikawa moja ya vitovu vyake, na hadi mlipuko ulipomalizika Juni 2020 zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa.

Mwaka 2025, baada ya Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu ya Kaskazini, kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Beni. Ofisi za mkoa zimeongezwa juu ya mji uliojaa tayari.

Ardhi tupu bado ipo pembezoni mwa miji yote miwili. Mameya, machifu na wauzaji wa parseli wakae pamoja sasa, watenge njia, shule, chemchemi na mitaro kabla ya kukata kiwanja kingine, na mkimbizi anayenunua apewe hati inayotambulika na pande zote.