Tandu Si Jongoo

Jongoo akiguswa hujikunja. Tandu hana simile hiyo: hugeuka akauma.

Miguu ndiyo inayowatenganisha. Jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi za mwili, tandu ana jozi moja tu. Na jozi za tandu kwa kawaida ni witiri: 15, 21, 23, hata 191. Kwa hiyo tandu wa miguu 100 kamili ni shida kumpata.

Ngozi ya tandu haizuii maji kupotea, na jua la Dodoma lingemkausha upesi. Katika eneo kavu la huko kama Ipagala hushinda chini ya mawe, magogo au rundo la matofali, akatoka usiku kuwinda mende, panzi na hata mjusi mdogo. Silaha yake si meno, bali jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka kucha za sumu. Kwa hiyo kiatu kilicholala nje ni bora kikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Tanzania ina tandu wakubwa wa aina kadhaa. Scolopendra morsitans alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Ethmostigmus trigonopodus hujulikana kwa miguu yenye rangi ya samawati. Wa ajabu zaidi ni Alipes grandidieri: miguu yake ya mwisho imetanuka kama majani, na akitishwa huitikisa ikachakarisha.

Jike la tandu hawa wakubwa huyazungushia mayai mwili wake na kuyasafisha yasiote ukungu, hadi watoto watoke.