Nani Anakungoja kwa Geti?

Januari nilijiahidi kukimbia kila asubuhi hapa Kitengela. Wiki ya pili nikarudi kulala. Sikuwa nimeambia mtu, kwa hivyo hakuna aliyeuliza.

Morani wa Kimaasai hakuwa na hiyo nafasi. Zamani alionyesha ushujaa kwa olamayio, kuwinda simba, na wenzake wa rika walikuwa wanatazama. Mwaka wa 2012 kule Kimana, Kajiado, Olimpiki ya Wamaasai ikaletwa ichukue nafasi ya uwindaji: mita 800, kurusha rungu, kuruka juu. Lengo likabadilika, mashahidi wakabaki. Unashindania manyatta yako.

Wasee, motisha nilikuwa nayo. Mtu wa kuniuliza ndiye sikuwa naye. Kesho saa kumi na mbili jirani yangu ananingoja kwa geti. Wewe, nani anakungoja?