Kichwa cha Mwanamke katika Nchi ya Ruponda

Wachina wa kale walimfunga msichana nywele na kumchomeka kijiti kilichonakshiwa afikapo miaka 15, ili ijulikane kuwa sasa aweza kuposwa. Katika Ruponda, nchi ya Wamwera na jirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, habari ya namna hiyo ilitangazwa kwa wembe. Mwari wa unyago alinyolewa, na nywele zilizoota baadaye zilikuwa za mtu mzima. Mfiwa naye alinyoa. Hata ule msuko mwepesi uliozoeleka nchini kote, usio na madoido, waitwa "twende kilioni"; nasi twaona jina hilo lapita maelezo mengi.

Taabu yetu ni kuwa nywele haziwekwi ghalani. Shanga na chanuo hubaki, msuko hupotea. Hata hivyo wachongaji wa Kimakonde wametuachia ushahidi bora kuliko wowote. Kinyago cha lipiko, kivaliwacho kichwani katika ngoma ya mapiko, mara nyingi hubandikwa nywele halisi za binadamu kwa nta, nazo hukatwa kwa mtindo wa watu wa zama hizo. Vingine vina sura za wanawake, pamoja na ndonya mdomoni.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho. Alivyokusanya, vinyago vikiwamo, alivipeleka Leipzig. Ndiyo maana sehemu ya historia ya kichwa cha mama wa kusini hutafutwa Ujerumani.