Karafuu Mbili Katika Bendera Nyekundu

Neno "nembo", kabla halijahamia kwenye mihuri ya ofisi na fulana za michezo, lilikuwa neno la mwili. Wazee walilitumia kwa chale alizochanjwa mtu ili atambulike ni wa kabila gani. "Bendera" nayo tuliipokea kutoka kwa Wareno. Maneno haya mawili yanapokutana, yaani bendera iliyokwishakuwapo inapotiwa nembo, mimi huona kama nguo inachanjwa chale: inatakiwa iseme yenyewe ni ya nani.

Mara nyingine haja huwa nyepesi. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, rangi zake tatu za wima, nyekundu, manjano na kijani, zilikuwa sawa na za Guinea. Ikatiwa herufi R kubwa nyeusi katikati, na utata ukaisha. Lakini kuna nembo zinazobebeshwa mzigo mzito zaidi, na mfano wake tunao hapa kwetu.

Kwa miaka mingi bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Tarehe 10 Desemba 1963, siku ya uhuru kutoka kwa Waingereza, wekundu ule ulibaki, ila katikati palitiwa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Karafuu ilikuwa tegemeo la visiwa tangu Seyyid Said alipohimiza kilimo chake katika karne ya 19. Wekundu ulimtaja mtawala. Karafuu ingeitaja nchi.

Nilipokuwa nikieleza hayo darasani, miaka mingi iliyopita, msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, karafuu nimeziona. Aliyezichuma yuko wapi?"

Nilimjibu kwamba bendera haina nafasi ya kumchora kila mtu. Darasa likacheka, nami nikaendelea na somo. Chuoni nilikojifunza ualimu tulionywa kwamba swali la mwanafunzi lisipojibiwa humfuata mwalimu hadi nyumbani. Hili limenifuata hadi kustaafu.

Swali lilikuwa la haki. Karafuu haijipeleki ghalani. Mtu hupanda mtini, huchuma, huketi chini kuzitenga karafuu na makonyo, kisha huzianika juani. Mashamba ya karne ya 19 yalisimama kwa jasho la watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, walioachwa huru hawakugawiwa mashamba waliyoyatumikia. Kwa mwenye shamba, karafuu ilikuwa neema. Kwa mjukuu wa mtumwa, ilikuwa pia kumbukumbu.

Tena tazama wakati wenyewe. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP, kwa muungano wao, walipata viti 18, wakaunda serikali. Nembo ya nchi nzima ilitiwa katika bendera wakati ambapo wengi wa wapiga kura walijiona wamesimama nje ya mlango. Sisemi kwamba bendera ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Nasema tu kwamba karafuu mbili hazikuweza kufunika lililokuwa chini yake. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Bendera ile ilikuwa imepepea siku 33.

Aprili mwaka huohuo Zanzibar na Tanganyika ziliungana. Bendera ya Muungano haikutiwa nembo yoyote. Kijani, manjano, nyeusi na buluu ziliachiwa kazi yote. Je, karafuu ilipotea? La. Iko katika nembo ya taifa, ile ambayo wengi wetu huiita "Bibi na Bwana". Mwanamume na mwanamke wamesimama kandokando ya ngao wakishika pembe za ndovu, na miguuni pao imeota mimea miwili: mkarafuu na mpamba.

Nembo hiyo nimeitazama maisha yangu yote, katika barua, katika vyeti, na ukutani mwa ofisi ya mkuu wa shule, hatua chache kutoka darasa lile. Jibu lilikuwa hapo. Katika bendera ya 1963 zao lilikaa peke yake ndani ya duara. Katika Bibi na Bwana zao liko chini, na watu wamesimama juu, wakionekana nyuso zao.

Binti yule sasa ni mtu mzima, na huenda naye ana wanafunzi wake. Iwapo atayasoma haya, namwomba radhi kwa kicheko kile. Aliyezichuma karafuu alistahili kuulizwa habari zake, na mimi nilistahili kumtafuta.