Mlango wa Shule na Kizingiti Chake

Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, watoto wake walikuwa wakisoma katika njia tatu zisizokutana: shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Kila njia ilikuwa na mfuko wake na mitaala yake. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuingia darasa la kwanza aghalabu alikomea darasa la nne, kwani nafasi za shule za kati zilikuwa chache mno. Hata miongoni mwa Waafrika wenyewe palikuwa na madaraja: Shule ya Tabora ilikusudiwa kwanza kwa wana wa machifu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1962, iliziunganisha njia hizo tatu. Kwa maandishi, ubaguzi wa rangi ulikwisha siku hiyo. Walakini shule zilizokuwa za Wazungu na Wahindi ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza na kutoza ada kubwa. Mtoto wa mchukuzi wa Kariakoo hakukataliwa kwa rangi yake. Aliulizwa tu kama aweza kufuata masomo kwa Kiingereza, na baba yake akaulizwa fedha. Mlango ulikuwa wazi, na kizingiti kilikuwa kirefu kuliko miguu ya mtoto.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Historia humsifu sana mtawala kwa jambo hili, na ni haki yake. Lakini mzigo ulimwangukia mwalimu. Aliyezoea kufundisha hesabu kwa lugha ya kigeni ilimbidi sasa aseme pembetatu, eneo na sehemu, tena aseme kwa namna ambayo mtoto wa Mhindi na mtoto wa Mzaramo wataelewa pamoja. Kazi hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote. Sheria haiwezi kumkalisha mtoto kando ya mwenziwe, wala haimfunzi mwalimu kungoja jibu linalochelewa.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na watoto wakafurika madarasani. Lakini sekondari ilibaki na Kiingereza, yaani kizingiti hakikung'olewa bali kilisogezwa mbele. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza zimeongezeka, na mwenye fedha humvusha mwanawe mapema.

Mtoto atokaye shule ya serikali hukutana nacho siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Jana alikuwa mwepesi wa kujibu. Leo amenyamaza, na mgeni adhani ni mjinga. Walimu wengi hueleza somo kwa Kiswahili, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Wapo wanaolilaumu zoea hilo kuwa ni uvivu. Lawama hiyo si ya haki: mwalimu huyo anafanya kimyakimya kazi ileile ya mwaka 1967, safari hii bila amri ya serikali kumuunga mkono.